Mume bado hajazaliwa, sasa eda utakaa ya nani?

Jumamosi moja nilienda zangu kusuka, kazi ya masaa matatu ikageuka masaa sita, na sababu ni ugomvi wa mwanamke wa Kizungu ambaye hata hayupo duniani. Kwenye tivii ya saluni walikuwa wameweka Outlander, sizoni ya kwanza, pale Claire anafungishwa ndoa na Jamie huku pete ya mumewe Frank bado anayo, dada mmoja aliyekuwa anapakwa dawa akaropoka "huyu si ana mume huyu?" basi saluni nzima ikawaka. Huku wanasema mzinzi, kule wanasema kalazimishwa, kuna mmoja anasema hiyo pete ni ya urembo tu, mpaka mama mwenye saluni, mtu wa Tanga, mtu wa dini, akauliza lile swali lililonifanya niandike yote haya. Mume hajafa. Hajamwacha. Hajapotea. Ila hajazaliwa. Sasa hapo mtu anakaa eda ya nani?

Nikajikuta naeleza mimi, maana kile kitabu nilikisoma kabla sijaona sirizi, nilikipata kwenye vitabu vya mtumba, kinene kama tofali, na nimegundua watu wanaochanganyikiwa na hii stori ni wengi kuliko wanaokiri. Wanaangalia mapenzi, wanaruka mengine. Kwahiyo twende taratibu, na natangulia kusema, nitatoa siri nyingi za mbele humu, kama hujafika huko na hutaki kujua ishia hapa hapa, usije kunilaumu.

Kwanza kitu chenyewe ni nini. Outlander ni riwaya ya Diana Gabaldon, Mmarekani wa Arizona, ilitoka 1991. Uingereza ikauzwa kwa jina lingine kabisa, Cross Stitch, ndo maana ukikuta watu wawili wanabishana kama ni kitabu kimoja au viwili, ni kimoja. Kikazaa vingine mpaka vikafika tisa, cha tisa kilitoka 2021, na sirizi ya tivii ilianza 2014. Ukiambiwa ni riwaya ya mapenzi ya kusafiri wakati iliyowekwa vitani, hapo kuna vitu vitatu kwenye sufuria moja. Mapenzi ndo moto unaopika. Vita ndo kinachopikwa, na viko viwili, kile cha Hitler alikotoka Claire na kile cha Scotland anakoangukia. Kusafiri wakati maana yake mtu anatoka tarehe moja anaingia tarehe nyingine na mwili wake mzima, meno yake na makovu yake, sio ndoto, sio mzimu, sio kupandisha mashetani. Hayo makovu yashike, tutayarudia.

Kitu ambacho wengi hawajui, hata hiyo safari haikuwa kwenye mpango. Gabaldon alikuwa msomi wa mambo ya ikolojia, chuo kikuu anafundisha, akataka tu kujaribu kama anaweza kuandika riwaya, yani zoezi. Akaona marudio ya kipindi cha zamani cha Doctor Who kulikuwa na kijana wa Kiskoti kavaa kilti, ile sketi ya kiume, katokea miaka ya 1740, akasema haya basi, Scotland. Akamuingiza mwanamke wa Kiingereza wa enzi hizo hizo kati ya wanaume wa Kiskoti, lakini mwanamke mwenyewe kila akifungua mdomo anaongea kama mtu wa kisasa, anajibu jibu za kisasa, mwandishi akishindana naye anashindwa. Mwisho akamuacha awe wa kisasa ndo akaanza kutafuta namna gani kafika kule. Mi hili nalipenda sana kwa sababu linaeleza kwanini mawe anayopitia Claire kusafiri hayajaelezewa kama mtambo. Mawe yalikuja kama ngazi, mtu akitaka kupanda darini anaegemeza ngazi, hakai kuisifia.

Sasa stori. Claire alikuwa nesi wa jeshi la Uingereza vita kuu ya pili. Vimeisha 1945, yeye na mumewe Frank, mwalimu wa historia aliyekuwa kitengo cha ujasusi, wanaenda Inverness kufanya hanimuni ya pili, maana miaka ya vita wameonana kwa kuhesabu, wamerudi nyumbani kila mmoja anamuangalia mwenzie kama mgeni mwenye sura anayoijua. Claire anaenda kuchuma majani kwenye duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa, Craigh na Dun (usilitafute kwenye ramani, halipo, lile la kwenye tivii ni mawe ya kutengeneza), anasikia mvumo kama nyuki, anagusa, anaamkia 1743. Wa kwanza kukutana naye ni kapteni wa jeshi la Kiingereza mwenye sura ya Frank ile ile, Jack Randall, babu wa mababu wa Frank na mshenzi wa kupindukia. Wa pili ni wanaume wa ukoo wa MacKenzie, katikati yao kijana bega limeteguka, Jamie Fraser, na hawa wanataka kulirudisha kwa kuvuta kwa nguvu.

Hapo kwenye bega ndo nilimwambia dada wa dawa asimamishe tivii. Angalia mikono ya Claire. Anawasukuma pembeni, anashika mkono wa Jamie, anauzungusha kwanza mpaka upate pembe yake ndo anausukuma, bega linaingia. Hiyo kajifunza kwenye hema la majeruhi. Kwenye stori nyingi za namna hii msafiri anabeba kifaa, sijui tochi sijui saa, huyu kabeba kazi yake. Baadae mbele huko atakuja kutengeneza penisilini kwa ukungu wa mkate, wakati dunia nzima ilikuwa haijui wadudu wa magonjwa ni nini. Kwahiyo anayekuambia vita kuu ya pili mle ni pambo la mwanzo hajaangalia vizuri, ile vita ndo mzigo aliosafiri nao.

Haya, swali la kwanza la watu. Muda unakwendaje mle? Wengi wanadhani kwa kuwa karudi nyuma basi huku alikotoka muda umesimama, kwamba atakaa kule miaka kumi akirudi atamkuta Frank bado anatafuta miwani. Hapana. Chukua ndugu yako aliyeko Canada. Wewe ni usiku yeye ni mchana, mko tofauti masaa kadhaa, lakini ukikaa mwaka hujampigia na yeye kakaa mwaka hajapigiwa, huwezi kusema mwaka wako umeisha wa kwake bado. Kwa Claire na Jamie ni hivyo hivyo isipokuwa tofauti ni miaka 202. Toa mwenyewe, 1945 kutoa 1743. Anarudi kwake 1948, kule ni 1746, toa. Anaondoka tena 1968, anafika 1766, toa. Kila ukitoa ni 202. Miaka ishirini aliyokaa Boston akilea mtoto ni miaka ishirini Jamie aliyoishi Scotland, kajificha pangoni, kafungwa, kazeeka kidogo. Hakuna aliyesimamishiwa muda, na ndo maana ile stori inauma.

La pili, na hili saluni nzima iliuliza kwa sauti moja, kwanini asimchukue Jamie waende zao 1948, kuna umeme, kuna hospitali? Jibu ni kwamba Jamie hapiti. Yeye akigusa jiwe ni jiwe. Kupita kunaendana na damu, mtu anazaliwa nacho anarithisha watoto, na hata mwenye nacho anatakiwa aende siku zake, zile za sikukuu za kale za jua na moto, kama mwanzo wa Mei. Ni kama minara ya simu, wote mmesimama kilima kimoja, wewe laini yako inashika vizuri, mwenzio hana hata kidoto. Unaweza kumpa simu yako ashike lakini huwezi kumpa laini ya damu.

La tatu ndo lenye ubishi. Anajua vita inakuja. Anajua itapiganwa Culloden, huko huko Scotland, anajua watu wa Jamie watachinjwa. Kwanini asizuie?

Vijana wa kubeti wataelewa haraka. Kila mtu ameshawahi kuota amerudi jana na matokeo ya mechi zote mfukoni, akaweka mkeka wa timu ishirini, akalala tajiri. Claire ana matokeo. Tatizo, kujua matokeo kunakufaa ukiwa jukwaani, yeye yuko uwanjani. Halafu mwanahistoria ni Frank, sio yeye, yeye anachokumbuka ni vipande alivyosikia nusu nusu mumewe akiongea, jina hapa, tarehe pale. Hajui nani alimkopesha nani, barua ipi ilichelewa. Wanakwenda Paris na Jamie 1744 kujaribu kumharibia mwanamfalme Charles anayetafuta pesa za kuanzisha vita, wanamzibia huku anatokea kule. Mkeka unachanika na matokeo anayo mkononi.

Ila kuna mkeka mwingine, ule wa kukalia, na huo unaeleza vizuri zaidi. Stori za kusafiri wakati zina sheria mbili tatu. Kuna zile ambazo muda ni daftari la penseli, unarudi nyuma na raba yako unafuta unaandika upya. Kuna zile ambazo muda ni njia panda, ukibadilisha kitu unatokea dunia nyingine, ile ya zamani inaendelea huko bila wewe. Halafu kuna za mkeka. Mkeka umeshasukwa, ukili umeshashonwa wote, na ukiangalia vizuri utakuta uzi wako wewe ulikuwepo mle tangu mwanzo. Hujaja kubadilisha rangi, wewe ni mojawapo ya hizo rangi. Outlander kwa jinsi inavyokwenda ni ya mkeka kwenye mambo makubwa. Anaweza kumponya huyu, kumzalisha yule, mambo ya mtu mmoja mmoja, lakini Culloden iko pale pale.

Mfano mtamu kuliko yote ni huu wa Jack Randall. Kama ni babu wa Frank, na akafa kabla hajazaa, Frank anatoka wapi? Claire hili linamnyima usingizi mpaka anamuomba Jamie asimuue yule shetani kwa mwaka mmoja kwanza, azae ndo afe, na Jamie aliyeteswa na huyo huyo mtu mpaka akavunjika anakubali. Fikiria ukubwa wa ombi hilo! Unamuomba mumeo amvumilie aliyemharibu ili mume wako mwingine aje kuzaliwa. Halafu inakuja kujulikana mtoto mwenyewe hakuwa wa Jack, alikuwa wa mdogo wake Alex, mgonjwa wa kifua, Jack kamuoa yule msichana tu ili mtoto apate jina. Kwahiyo kwenye makaratasi ya Frank, Jack ndo babu, na makaratasi yanasema kweli kwa namna yao, ila damu ni ya Alex. Haukubadilika uzi hata mmoja. Claire alikuwa anausoma mkeka kwa upande wa chini.

Sasa vita yenyewe, kwa sababu hapa ndo uongo mwingi unapita. Ukisikiliza watu utadhani ni Waskoti wote upande mmoja na Waingereza wote upande mwingine, kama Simba na Yanga. Sio. Ile ni kesi ya mirathi. Mfalme James wa Uingereza na Scotland alitolewa kwenye kiti 1688, alikuwa Mkatoliki, wakubwa wa nchi hawakumtaka, kiti kikaenda kwa binti yake na mkwe, baadae mwaka 1714 kikachukuliwa na ndugu wa mbali wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani. Mjukuu wa James, Charles Edward Stuart, amezaliwa Roma 1720, nyumba ya babu hajawahi hata kuiona, anatua visiwa vya Scotland 1745 anasema nimekuja kudai nyumba. Wapangaji wengine wanamshangilia, wengine wanasema sisi kodi tunampa aliyepo sasa, usituletee polisi. Waliomfuata wakaitwa Jacobite kwa sababu James kwa Kilatini ni Jacobus, na Jacobus kwetu ni nani? Yakobo. Watu wa Yakobo basi, mi nawaita hivyo, jina linakaa mdomoni.

Watu wa Yakobo walikuwamo Waskoti wa nyanda za juu na wa tambarare, walikuwamo Waairishi waliokuja kwa jeshi la Ufaransa, mpaka Waingereza wa Manchester waliunda kikosi chao. Na upande wa serikali kulikuwa na vikosi vya Waskoti vilevile, akina Campbell kwa mfano. Kuna koo ziligawanyika, kuna nyingine zilikaa ndani zikafunga mlango. Na wala haikuwa Wakatoliki dhidi ya Waprotestanti, wengi wa watu wa Yakobo walikuwa Waprotestanti.

Walifika mbali, tena mbali mno. Septemba 1745 walishinda Prestonpans, Desemba wakafika Derby katikati ya Uingereza, London hiyo hapo, halafu viongozi wakabishana wakageuza. Kuanzia hapo ni kurudi nyuma tu mpaka Inverness.

Usiku wa tarehe 15 Aprili 1746 ndo ningependa sirizi zote zingekuwa na muda wa kuuonyesha polepole. Jeshi la serikali limepiga kambi Nairn, ni birthday ya kamanda wao, Duke wa Cumberland, mtoto wa mfalme, anatimiza miaka 25, askari wake wamegawiwa kinywaji. Watu wa Yakobo wanasema twende usiku tuwakamate wamelewa. Wanatembea gizani, hawajala siku ile zaidi ya biskuti moja kila mtu, kwenye matope, mbele wanakwenda nyuma wanabaki, kunakaribia kukucha bado hawajafika. Wanageuza. Wanarudi maili zile zile na njaa ile ile, wengine wanadondoka pembeni mwa njia wanalala, wengine wanaingia mjini kutafuta chakula, na asubuhi hiyo hiyo adui huyo anakuja, kalala kashiba. Uwanja waliopigania, ndo huo Culloden, ni tambarare yenye majimaji, mzuri kwa mizinga, mbaya kwa watu ambao silaha yao kubwa ni kukimbia na panga. Haikufika hata saa moja. Kiasi cha watu 1,500 wa Yakobo walikufa, serikali walikufa kama 50 pale uwanjani. Majeruhi wakauawa walipolala na Cumberland akabaki na jina la Mchinjaji mpaka leo.

Mapigano yalichukua muda mfupi kuliko kusuka vitunguu kichwa kimoja, na kilichofuata kilichukua miaka. Sheria ikapita ya kuwanyang'anya silaha na kupiga marufuku mavazi ya nyanda za juu kwa wanaume, ukikamatwa na kilti mara ya kwanza jela miezi sita, mara ya pili unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Ilikuja kufutwa 1782. Na hapa niondoe uongo mmoja mdogo kwa haraka, yale mambo ya kila ukoo na kitambaa chake chenye mistari yake maalum, kama sare za harusi, sehemu kubwa ni ya karne iliyofuata, baada ya mfalme George wa nne kutembelea Edinburgh 1822 kila mtu akataka kuonekana wa kale. Wanaume wa 1746 ungewatambua zaidi kwa alama waliyochomeka kwenye kofia.

Nirudi kwenye makovu sasa. Kuna mwanamke kijijini kwenye stori, Geillis, anajua dawa za majani, na yeye na Claire wanakamatwa kwa uchawi. Hukumu ni moto. Wakati Claire amebanwa aseme, Geillis anajitoa mhanga, anapiga kelele mimi ndo mchawi, anachana nguo, na Claire anaona begani kwake kovu la duara. Watazamaji wengi hapo wanaona alama ya shetani kama wanakijiji walivyoona. Nikawaambia saluni pandisheni mikono ya nguo. Wote tukapandisha, mama wa Tanga naye, na kila mmoja analo lake, la chanjo ya utotoni, mama ana na lingine la zamani zaidi la ndui. Kimya. Maana chanjo ya ndui iligunduliwa 1796, sasa mtu wa 1743 analitoa wapi? Geillis naye alikuwa msafiri, katoka 1968. Kile kovu ni pasipoti. Dada wa dawa akasema "we!" akajishika bega mpaka nilipoondoka.

Na kwa taarifa tu, Uingereza na Scotland walifuta kosa la uchawi kwa sheria ya 1735, kwahiyo ile kesi ya kwenye stori hata mahakama yenyewe haikuwa halali, ni hasira za kijiji zimevaa joho.

Haya, ndoa. Hapa wengi wanakosea kwa kudhani Claire kaona kijana mzuri kasahau kwao. Ile ndoa ilipangwa na wanaume. Kapteni Randall anamtaka kwa mahojiano, na ofisa wa Kiingereza ana haki ya kumdai raia wa Kiingereza, lakini akiolewa na Mskoti anakuwa mtu wa ukoo, hawezi kuchukuliwa hivi hivi. Mwanasheria wa ukoo anapiga hesabu, bwana harusi anatafutwa, Jamie anakubali. Bwana harusi ndo bikira, bibi harusi ndo mwenye uzoefu, na hilo peke yake mwaka 1991 kwenye riwaya za mapenzi lilikuwa limepindua meza. Kuanzia hapo ana pete mbili, ya dhahabu ya Frank mkono wa kushoto, ya Jamie mkono wa kulia, kwenye kitabu ni ya fedha, kwenye sirizi imetengenezwa kwa ufunguo wa nyumbani kwao Jamie. Hakuitupa ya Frank. Hakuna aliyemwambia aitupe pia.

Kusema kweli stori haimpi Claire nafasi ya kuwa msafi na mi naona ndo uzuri wake. Anampenda Frank, anajaribu kurudi kwenye mawe mara ya kwanza anakamatwa njiani. Halafu anampenda Jamie, anapewa nafasi ya kurudi, anakaa. Siku ya Culloden Jamie anamsukuma arudi kwa nguvu kwa sababu ana mimba na yeye Jamie anakwenda kufa. Anarudi kwa Frank na mimba ya mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Frank anamlea mtoto. Kuna vitu mle vigumu, kuna ubakaji, kuna mateso, kuna Jamie kumchapa mkewe jambo ambalo wasomaji wanaligombania mpaka leo, sio kitu cha kuangalia na watoto sebuleni.

Lakini ukiitoa hiyo mawe, hiyo 202, ni kitu gani kilichotokea hapo? Mke alitengana na mume kwa vita, miaka, bila barua, hajui yu hai ama kafa. Akapata mwingine mahali ambapo wa kwanza hawezi kufika. Akarudi na mimba. Hivi hii haikutokea? Vita hiyo hiyo aliyokuwa nesi Claire iliwachukua wanaume wa huku, Keya, yani askari wa King's African Rifles, wakapelekwa mpaka Burma 1944, na wake zao hawakujua Burma ni mashariki au magharibi. Mtu akikuambia mume wako yuko Burma na mtu akikuambia mume wako hajazaliwa, kwa mwanamke anayechota maji asubuhi ile tofauti ni ndogo. Mawe yanafanya kwa dakika moja kile ambacho vita inafanya kwa miaka mitano, na kwa maoni yangu hiyo ndo kazi pekee ya mawe kwenye kitabu kile.

Mama wa Tanga alikuwa kanyamaza muda mrefu, anasuka tu, nilijua bado eda iko kichwani. Akaanza. Mwaka 1743 hakuna eda, kwa sababu hakuna kifo na hakuna talaka, tatizo la pale ni lingine na Mungu ndo anajua. Akirudi 1948, Jamie kwa anavyojua yeye kafa, na ni mjamzito, eda ya mjamzito ni mpaka ajifungue. "Alijifungua lini?" Novemba mwaka huo huo, nikamwambia, mtoto wa kike, Brianna. Sawa. "Na huyo Frank?" Frank alikufa kwa ajali ya gari, 1966. "Na yeye karudi kwa huyu wa sketi lini?" Nikamwambia 1968, kagundua Jamie hakufa Culloden, kaacha kazi, na wakati huo ni daktari wa upasuaji, kamuaga mtoto, kapita mawe, kaenda mpaka Edinburgh kwenye duka la kuchapa vitabu, kafungua mlango, na Jamie alipogeuka akamuona akaanguka akazimia.

"Akazimia?" dada wa dawa akauliza.

Akazimia, mwanaume mzima.

Mama alikuwa bado yuko kwenye tarehe. Sitini na sita mpaka sitini na nane. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Akahesabu kwa vidole vyenye mafuta, akarudia tena kuhakikisha, halafu akasema "basi huyo alishamaliza," akaniinamisha kichwa amalizie kisogo.